Gari Linawaka, Linazima, Mimi Niko Chini ya Usukani

Wenzangu, rimoti ya kuwashia gari ni kifaa cha wavivu. Unabonyeza kitufe uko ndani, injini inaunguruma nje, basi. Ila hawakuambii kwamba kabla ya uvivu kuna adhabu. Hapa nilipo naifunga mwenyewe, nimelala chali chini ya usukani, pedali zinanichoma mbavu, miguu imetokeza mlangoni, tochi naiuma kwa meno. Hatua chache za kwenda garini zilinishinda, sarakasi ndiyo naiweza!

Tuanze na rangi za waya. Mchoro unasema waya wa stata ni mweusi wenye mstari mweupe. Sawa. Nafungua kifuniko, nakuta nyeusi zenye mstari mweupe ziko ukoo mzima, na ile ya stata yenyewe imevaa rangi nyingine kabisa. Kwa hiyo mchoro nimeulalia, naisikiliza maltimita, kile kipimo cha umeme, peke yake. Waya wa betri unaonyesha volti 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni. Wa stata unapata umeme pale tu stata inapozungusha injini. Waya wa ignisheni (unaoipa injini umeme wa kuwakia) na wa aksesari (wa redio na wenzake) ndio mapacha wachokozi: ukifungulia ufunguo, wote wawili wana umeme. Utawatenganisha wakati wa kupiga stata, aksesari anakatika, ignisheni anabaki. Ukiwabadilishia nafasi, injini itazunguka mpaka betri ilie, na haitashika.

Jirani naye kaja kusaidia, mkononi kashika testa ya balbu. Anataka kudunga zile nyaya zenye soketi za njano, eti zinaonekana muhimu. Ndugu yangu, kwa kawaida hizo ni za mifuko ya hewa! Unataka usukani unipasukie usoni nikiwa nimelala? Tena balbu hiyo inavuta umeme mwingi kuliko maltimita, inaweza kuunguza hata kompyuta ya gari. Nimemtuma akashike boneti.

Waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari, nao una maringo. Haukubali kufungwa juu ya rangi, mpaka ukwangue chuma king'ae, la sivyo moduli, yaani kile kisanduku kinachopokea amri za rimoti, inababaika, mara inasikia rimoti, mara haisikii.

Haya, nikabonyeza. Likawaka! Sijamaliza kutabasamu, likazima. Likawaka tena, likazima tena. Hapo shida haiko kwenye waya wa stata, ni imobilaiza, ile kinga ya gari dhidi ya wizi, inatafuta chipu ya ufunguo isiione. Gari nimelinunua mimi, bima nalipa mimi, linanidai kitambulisho kama askari wa getini! Ikabidi kifungwe kifaa kingine cha kulidanganya kwamba ufunguo upo.

Baada ya hapo taa za pembeni zikaanza kunikonyeza. Si mapenzi, ni lugha ya moduli: idadi ya mikonyezo ina maana yake kitabuni. Yangu ikadai boneti liko wazi. Boneti limefungwa, jirani kalikalia! Kumbe waya wa swichi ya boneti ulibanwa, ukachubuka, ukagusa bodi, na kwa moduli hiyo kugusa bodi ndiyo boneti wazi. Tepu ya umeme kidogo, ikanyamaza. (Mwenye gia za mkono, usiniige hovyo: gari likiachwa kwenye gia, stata italirusha mbele bila dereva.)

Mwishowe likawaka, likatulia. Nikaingia kwa madaha, nikakanyaga breki niweke gia, likazima! Nikarudi chini kukagua waya wa breki. Mzima. Nikarudi kitabuni. Ndivyo lilivyoundwa: breki ikikanyagwa kabla ufunguo haujafunguliwa, injini inazimwa, mwizi asiondoke nalo. Yaani na rimoti yote hii, ufunguo lazima niubebe niupeleke garini kwa miguu yangu mwenyewe!