Mwenye Mamlaka Ametoka Kidogo

Jamani, hii "mimi sina mamlaka" itatuua. Nimetoka kuambiwa sasa hivi, jasho halijakauka.

Benki wanataka barua ya utambulisho. Sawa. Konda kanishusha kituo cha mbele, nikameza. Mjumbe kasaini huku anapiga mswaki, nikashukuru. Nafika ofisi ya serikali ya mtaa, namkuta dada anachambua mchicha, na muhuri uko palepale pembeni ya bakuli, wino mbichi kabisa.

"Dada'angu, naomba unigongee."

"Muhuri wa mtendaji huo, kaka. Mimi sina mamlaka."

"Mtendaji yuko wapi?"

"Ametoka kidogo."

"Mwenyekiti?"

"Msibani."

Nikachomekea shati vizuri, nikakohoa kibunge. Nikamwambia, dada, Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, serikali inapata yake kutoka kwetu. Sasa hayo usiyokuwa nayo wewe, mwenye nayo ndiye huyu amesimama mbele yako na picha mbili za pasipoti. Gonga.

Akachuma jani, akaliangalia juu chini. "Hiyo ibara umekuja nayo? Ina muhuri?"

Benchi zima likacheka. Mzee mmoja akadakia: "Kijana, mamlaka ni ya mkuu wa wilaya. Sheria ya tawala za mikoa ya 1997 hiyo. Akiona unataka kuvunja amani anakuweka ndani mpaka saa 48." Halafu akanitazama mkono, ambao, sijui ulifikaje, ulikuwa umeshaukaribia muhuri.

Nikaurudisha mfukoni. Nikaulizia bei ya mchicha.

Mtendaji akaja kwa bodaboda, simu sikioni. Hakusoma hata jina langu. Akaunyanyua muhuri, moyo wangu ukaenda nao juu, akausimamisha hewani: "Hela ya taka umelipa?"

Taka! Gari la taka mara ya mwisho kuliona mtaani kwetu ni kabla ya Pasaka! Mifuko imejaa mpaka uchochoroni, mvua ikinyesha tunaruka nepi za watoto wa watu, na kuku wa mama mwenye nyumba ndio wanaichana usiku na mchana. Jana jogoo wake kapanda mpaka kwenye kochi langu. Nikashika fagio, mke wangu akanidaka mkono: "Muache, kodi ya mwezi huu hatujalipa."