Laptopu Iliyotunzwa

Kwenye harusi za kwetu Unguja, wimbo hauchezwi hivi hivi tu. Wimbo unatumwa. Mtu anameza maneno yake mwezi mzima, anangoja usiku wa ukumbini. Mwimbaji akifika kwenye ule mstari aliokuwa akiuotea, anainuka taratibu, noti juu, kiuno kinakwenda kwa hesabu, anapita mbele ya meza ya mbaya wake ingawa jukwaa liko upande wa pili kabisa, ndipo aende akatunze. Hajasema kitu. Aliyelengwa amejua, ukumbi mzima umejua, na kesho kwa sheha hakuna wa kushitakiwa.

Kwa hiyo kikao cha harusi ya mtoto wetu kilipofika kwenye suala la muziki, watu wazima walianza kukohoa.

Tatizo lilikuwa sare. Dada yangu mkubwa alinunua kitambaa Darajani kwa ajili ya upande wetu, zambarau yenye nakshi za dhahabu, na mwenye duka akamwapia kwamba jora ni hilo hilo moja, Unguja nzima hakuna jingine. Wiki hiyo hiyo shangazi wa bwana harusi, Mpemba wa Wete, mwanamke mwenye sauti ya kuitia boti, aliingia duka hilo hilo, akaapiwa kiapo hicho hicho, akaondoka na zambarau hiyo hiyo. Wakaja kukutana siku ya kupeleka mahari, kila mmoja keshaivaa. Tangu hapo walikuwa hawasemezani ila kwa kupitia watoto: "Mwambie huyo bibi anipishe nipite."

Hawa wawili ukiwawekea taarabu ya rusha roho ukumbi mmoja, umemwaga petroli mwenyewe. Kikao kikapitisha: taarabu isipigwe. Bongo Fleva nayo isipigwe, na Zenji Fleva vilevile, kwa sababu zote ni Kiswahili na Kiswahili kina makali. Mimi, mama mdogo wa bi harusi, nikapewa kazi ya kutafuta muziki usiomtukana mtu. Walinichagua, walisema, kwa kuwa simu yangu haiishiwi bando.

Nikamwendea bi harusi mwenyewe na mashoga zake uani, nikakaa kitako nifundishwe mambo ya kileo. Walianza na singeli. Nikasikiliza kidogo nikavua miwani. Huu ni muziki wa Manzese na Tandale kule Dar es Salaam, mapigo yake yanapita 200 kwa dakika na mengine yanakaribia 300, na sisi tuna bibi ana presha. Moyo wa mtu aliyekaa kitini unapiga 60 hadi 100. Nikaona wa bibi tusiutie tamaa.

Ndipo wakaniletea amapiano. Hii nikaielewa mara moja, si kwa masikio bali kwa siasa. Imezaliwa kwenye vitongoji vya Gauteng, Afrika Kusini, haina haraka, mapigo kama 110 na kitu tu kwa dakika, na maneno yake ni Kizulu, Kisotho na lugha nyingine za huko. Ukumbini petu nani anajua Kizulu? Na kwenye nyimbo nyingi hata hayo maneno ni machache. Kazi kubwa inafanywa na ngoma moja nzito ya chini ambayo hata si ngoma, ni kompyuta, wenyewe wanaiita logi dramu. Muziki usio na maneno utamsimangaje mtu?

Hata hivyo nikalalamika kidogo, kwa heshima ya umri wangu. Nikasema huu ni ugeni, sisi tuna chetu. Yule mtoto, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, akanijibu: "Mama mdogo, kwani taarabu iliota Kwahani? Si Sultani Barghash ndiye anayesimuliwa kuileta kutoka Misri? Na Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, unadhani hakukuwa na mama mdogo wa mtu aliyesema dunia imekwisha?" Nikanyamaza. Nilitaka kumtajia Nadi Ikhwan Safaa, kikundi chetu cha taarabu, na mwaka wao wa kuanzishwa 1905, nikaona ningemwongezea hoja.

Mazoezi yakaanza. Wasindikizaji wa bi harusi wakajipanga uani na hatua zao kutoka TikTok, na lazima niseme walipendeza: bega, bega, goti, mkono unafuta jasho ambalo halipo. Ila nilishangaa kwamba wimbo wenyewe hawaujui. Wanajua kipande. Kipande hicho mtu amekikata, akakiongeza kasi, akakipandisha, dunia nzima inacheza hapo hapo ngoma inapodondoka na kuishia hapo hapo. Niliuliza mwanzo wa wimbo uko wapi. Wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuusikia.

Usiku wa harusi ukafika. Ukumbi wa mjini, wanawake watupu, simu zimekusanywa mlangoni, udi umefukizwa mpaka macho yanawasha. Zambarau kushoto, zambarau kulia. Ungetoka bara ungedhani ni familia moja yenye mapenzi ya ajabu. Dijei alikuwa msichana wa Fuoni, mpole, amevaa mtandio na juu ya mtandio ameshindilia vile vidude vya masikioni, kwa hiyo hasikii kitu cha duniani. Mbele yake laptopu ya makamo: kibonye kimoja kimeng'oka na mahali pake pamebandikwa plasta ya kidonda.

Wasindikizaji wakaingia, wakajipanga, wakaweka pozi. Bega juu, mkono kichwani, goti limekunjwa. Dijei akauachia wimbo.

Akauachia wote. Si kile kipande. Wimbo mzima, na nyimbo hizi zinakwenda dakika sita, saba. Dakika za mwanzo ni kayamba tu na kinanda kinachotembeatembea chenyewe. Ngoma haidondoki. Watoto wanangoja ngoma. Goti limekunjwa. Mmoja alianza kutetemeka paja, mwingine jasho la kweli likamtoka lakini hakuweza kulifuta, maana hatua ya kufuta jasho ilikuwa bado.

Ukumbi ukatulia. Na hapo ndipo Dada yangu mkubwa alipojiridhisha kwamba anaujua muziki huu. Taarabu ya asili inafunguliwa kwa bashrafu, vyombo vitupu, hakuna anayeimba, watu wanatulia na kusikiliza. Akaniinamia akaninong'oneza: "Kumbe hawa watoto wana adabu, wameanza na bashrafu." Akafungua mkoba. Akatoa msimbazi mpya, elfu kumi isiyo na mkunjo. Nikamshika kanzu, akanitoka.

Akatembea. Wallahi alitembea vizuri. Akapita mbele ya meza ya Wete, akaizunguka, akaipungia noti ile hewa yake, kisha akaelekea kutunza. Amtunze nani sasa? Mwimbaji yuko Afrika Kusini. Dijei kainamisha kichwa na masikio kayafunika. Dada hakubabaika. Akaitunza laptopu. Akaiweka noti juu ya vibonye kwa vidole vitatu, na kidole cha kati kina pete ya dhahabu ya marehemu mama. Pete ikabonyeza.

Sijui kibonye kile kinaitwaje. Dijei alinieleza baadaye kwamba mashine inashika kipande kidogo cha wimbo na kukirudiarudia mpaka uikataze. Na kwa bahati yetu, kipande ilichokishika kilikuwa ni pale ambapo mwanamke mmoja wa huko Gauteng, anayejua mwenyewe kilichomfurahisha, anacheka. Hahahaa. Hahahaa. Hahahaa. Spika nne.

Basi mwimbaji wa taarabu akitunzwa, anakurudia wewe ule ubeti, ni shukrani. Dada akasikia amerudiwa. Akaongeza elfu tano. Hahahaa. Akageuka, akaielekea meza ya Wete na kufungua mikono kama anayesema, mnasikia wenyewe.

Shangazi wa bwana harusi akasimama. "Tunachekwa?" Hakuna aliyejibu. "Nauliza, sisi ndio tunaochekwa hapa?" Hahahaa, ikajibu laptopu.

Ningekuwa mimi ningekwenda kuuzima umeme. Yeye hakwenda kugombana, maana Mpemba wa Wete ana akili; alikwenda kutunza. Akaja na misimbazi miwili ameifunua kipepeo, akaipachika laptopu pembeni, kwenye kile kijinafasi kinachopumulia. Nyuma yake wifi yake. Upande wetu nao wakaona tusizidiwe kwetu, wakamwagika. Ikawa zambarau inaingia, zambarau inatoka, wanaitunza mashine, huku wanatazamana machoni na yule mama wa Gauteng anacheka bila kupumzika. Bibi mwenye presha naye kaomba ashikwe mkono apelekwe, akatunza elfu moja, akarudi kitini amenawiri.

Dijei aliinua macho akakuta mashine yake haionekani. Akavua vile vidude, akasikia, akapiga ukelele. Alipoanza kufukua noti, Dada akamzuia: "Mwanangu, tuzo haliondolewi wimbo haujaisha." Na ni kweli, ndiyo adabu yenyewe.

Laptopu ilikwisha kabla ya wimbo. Imezibwa pumzi kila upande, ikapata joto, ikatoa harufu ya plasta iliyoungua, ikazima. Kile kicheko kikakatika katikati. Ukumbi kimya, na pale mbele wasindikizaji wetu, maskini ya Mungu, bado wana pozi. Mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Ngoma imeshadondoka?"

Tulimaliza usiku kwa mabibi wawili kushika kanga viunoni na kupiga sinia kwa vijiko. Yaliyoimbwa siyaandiki, ila mpishi wa biriani alikuja kusimama mlangoni na mwiko wake kusikiliza.

Kuhusu fedha, mzozo ulikuwa mfupi kuliko nilivyotarajia. Dijei alisema ni zake. Wete walisema nusu ni yao. Dada yangu akatoa hukumu kwamba aliyetunzwa ni laptopu, basi ipelekwe kwa fundi kwa fedha zake mwenyewe. Fundi wa Darajani alipoifungua alikuta ndani elfu mbili imekunjwa mara nne, ambayo mpaka leo pande zote mbili wanaidai.

Juzi nikapata ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, namba ya Pemba. Nikajua ndiyo kesi imeanza. Nikafungia mlango, nikaweka simu sikioni. Alikuwa ni yule shangazi, tena kanisalimia kwa kirefu, akauliza watoto, akauliza bibi na presha yake. Kisha akashusha sauti:

"Sasa, mwanangu, nakuomba jina la ule wimbo. Namwozesha binti yangu mfunguo mosi, na mke mwenzangu kanambia lazima aje. Na yule dijei mwambie asije na kicheko kidogo. Akilete chote."