Maumivu ya usiku yapigiwe eksirei

Makala mliyochapisha imeeleza vizuri dalili za saratani ya mifupa kwa watoto, ila vipimo vya picha vimepitiwa harakaharaka. Mwanangu wa miaka 13 aliumwa juu ya goti, zaidi usiku. Miezi miwili tulichua tu, tukiambiwa ameumia akicheza mpira. Eksirei moja ikaonyesha mfupa umelika, na mfupa mpya ukichomoza pembeni kama miale ya jua. Jamani, eksirei ya kawaida kabisa! Madaktari wetu, nawasihi msiicheleweshe. MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ilikuja baadaye, kuangalia uvimbe umeenea hadi wapi ndani ya mfupa wote, na CT ya kifua, yaani eksirei ya kompyuta ya tabaka kwa tabaka, maana osteosakoma, saratani hiyo ya mfupa, ikisambaa hukimbilia mapafuni kwanza.