Wanaoililia redio ya zamani Australia wanalilia nini?

Mzee mmoja ninayemhudumia nyumbani kwake, magharibi mwa Melbourne, ana bahasha ya kaki anayoitunza kuliko hati ya nyumba. Ndani mna vikaratasi vyembamba vilivyoanza kugeuka manjano: chati za nyimbo za redio 3XY, za miaka ya 1970. Enzi hizo maduka ya santuri yalizigawa bure kila wiki, na kijana mwenye fedha ya santuri moja tu alisimama dukani akiisoma orodha kutoka juu hadi chini kabla ya kukata shauri. Pembeni mwa baadhi ya nyimbo pana alama ya kalamu ya buluu. Hizo ndizo alizonunua.

“Redio ya siku hizi haijui mimi nipo wapi,” aliniambia siku moja akizirudisha kwenye bahasha.

Waaustralia wengi wa rika lake wanazililia redio za kibiashara za ujana wao, na mara nyingi kilio huanzia kwenye nyimbo. Lakini nyimbo zile zote zinapatikana leo kwenye simu ya mkononi, na kilio hakijakoma. Naamini mzee alikitaja kinachouma hasa: mahali.

Hata majina ya vituo yalikuwa anwani. Namba ya mwanzo ilitaja jimbo: 2 ni New South Wales, 3 Victoria, 4 Queensland, 5 Australia Kusini. Herufi zilizofuata mara nyingi zilikuwa na hadithi ya wenyewe. 2KY ya Sydney ilikuwa mali ya vyama vya wafanyakazi. 2GB ilianzishwa na Watheosofia, kundi la watu wa falsafa ya kiroho, na herufi zake ni za Giordano Bruno, mwanafalsafa aliyechomwa moto Roma mwaka 1600. 2SM ilikuwa ya Kanisa Katoliki, na bado ndiyo iliyokuja kuwatikisa vijana wa Sydney kwa muziki wa roki. Televisheni ilipoingia mwaka 1956 na kuzinyang’anya redio michezo ya kuigiza na mashindano ya maswali, vituo hivi vilijiokoa kwa muziki wa vijana. 2UE ilianza kupiga nyimbo 40 bora mwaka 1958. Kisha, Aprili 1967, vituo vikaruhusiwa kisheria kurusha hewani sauti za wasikilizaji wanaopiga simu. Mama wa nyumbani akaweza kumjibu waziri akiwa jikoni kwake.

Mfano ninaourudia kila ninapobishana juu ya jambo hili ni wa 16 Februari 1983, Jumatano ya Majivu, siku ambayo moto wa nyika uliua watu 75 katika Victoria na Australia Kusini. Murray Nicoll, mwandishi wa 5DN ya Adelaide, kituo cha kibiashara, alikuwa hewani kutoka vilima vya mji huo. Aliwaeleza wasikilizaji anachokiona mbele yake: nyumba yake mwenyewe inaungua, na hana la kufanya. Aliendelea kutangaza. Hakuwa mgeni aliyetumwa kuripoti maafa ya watu wengine. Barabara ile ilikuwa barabara yake, na waliokuwa wakimsikiliza ni majirani zake.

Hata hivyo, redio ile haikujua kila mtu alipo. Ilizungumza Kiingereza kwa watu wa Kiingereza, katika nchi iliyokwisha pokea Wagiriki na Waitalia kwa maelfu. Wahamiaji walipata redio yao mwaka 1975, serikali ilipoanzisha 2EA Sydney na 3EA Melbourne. Katika mji wa Alice Springs, Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hii, walijiundia chombo chao cha utangazaji, CAAMA, mwaka 1980. Mimi mwenyewe nasikiliza Kiswahili cha SBS, shirika la utangazaji la umma lililorithi vituo vile viwili vya 1975, si cha kituo chochote cha matangazo ya biashara. Ningeishi Melbourne ya chati zile, nisingesikia lugha yangu hata mara moja kwenye 3XY.

Wala redio ile haikuwa rafiki wa kudumu wa wasanii wa nyumbani. Sheria ya 1942 ilidai asilimia 2.5 tu ya muda wa muziki iwe ya watunzi wa Kiaustralia, yaani dakika moja na nusu katika saa nzima ya muziki. Mwaka 1970 kampuni kubwa za santuri zilipodai zilipwe nyimbo zao zinapopigwa, vituo viligoma, na kuanzia Mei hadi Oktoba santuri za kampuni hizo za Australia na Uingereza hazikusikika hewani. Mwaka 1999 ikafichuka kwamba John Laws, sauti kubwa kuliko zote za 2UE, aliacha kuzishambulia benki baada ya kuingia mkataba na chama cha benki hizo, bila msikilizaji kuambiwa. Fedha ilikuwamo studio tangu zamani.

Tofauti ni kwamba fedha ya zamani ilitafutwa mtaani. Kituo kilihitaji duka la viatu la mji ule ule, kwa hiyo kilihitaji watu wa mji ule. Sheria ya utangazaji ya 1992 ililegeza masharti ya umiliki, kampuni zikanunuana, na kipindi kimoja kikaanza kurushwa miji mingi kwa mpigo. Wenye kampuni wanasema matangazo ya biashara yamehamia kwenye intaneti na mji mdogo hauwezi kulipa mishahara ya watangazaji wake. Hoja hiyo ina uzito, na sitaibeza. Lakini Melbourne si mji mdogo. Aprili 2024 ililetewa kipindi cha asubuhi cha watangazaji wawili, Kyle na Jackie O, kutoka Sydney, kwa mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 200 kwa miaka 10, na wasikilizaji wa huku wakakipa kisogo. Hapo uhaba wa fedha haukuwa sababu.

Kwa hiyo naungana na mzee katika jambo moja, na namwacha katika mengine. Chati na santuri zibaki kwenye bahasha. Tuna haki ya kumdai mtangazaji anayeijua barabara inayoungua, na leseni ya masafa ya umma ndiyo mahali pa kumdai.

3XY ya mzee ilizimika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jina lake na masafa yake, 1422 AM, leo ni ya redio ya Wagiriki. Nilimtafutia kwenye redio yake ya jikoni. Alisikiliza kimya, asielewe neno, mpaka mtangazaji akataja vitongoji vya mji wetu: Oakleigh, kisha Northcote. Nikanyoosha mkono kuizima. Akanizuia.