Turbo au Rejeta Safi? Hesabu ya Dizeli na Joto la Injini kwa Magari ya Malindi

Ukikaa kwenye gereji ya Malindi inayotengeneza magari ya watalii, malalamiko mawili hayakosi. La kwanza ni dizeli: Land Cruiser ya zamani inakunywa kupita kiasi, na bei inatangazwa upya kila mwezi na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya. La pili ni joto: gari likishaiacha Kakoneni nyuma kuelekea lango la Sala la Tsavo Mashariki, mshale wa temperecha unaanza kutambaa. Wenye magari wengi huyachukulia haya kuwa magonjwa mawili, kila moja na fundi wake. Mimi naona kwa sehemu kubwa ni ugonjwa mmoja, na tukikubaliana hapo, ubishi wa kuifunga injini turbo, ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani yake, unakuwa rahisi kuuamua.

Injini ya dizeli hugeuza kama theluthi moja tu ya nishati ya mafuta kuwa nguvu ya kusukuma gari. Iliyobaki ni joto, nalo lina njia mbili kuu za kutokea: maji ya rejeta na ekzosi. Kwa hiyo mshale ukipanda, mara nyingi unachokitazama ni dizeli uliyokwisha kuilipia. Nasema mara nyingi kwa sababu upepo huivuruga kanuni hii. Msimu wa kusi, gari linalotoka pwani kwenda Sala lina upepo mgongoni. Dizeli inatumika kidogo, lakini hewa inayopita kwenye rejeta nayo ni kidogo, hasa ukitembea kilomita 40 kwa saa, ambacho ndicho kikomo ndani ya hifadhi. Jioni ukirudi, upepo unakupiga usoni: injini imetulia, tangi linashuka. Anayenunua rejeta kwa sababu ya safari ya kwenda, kisha nozeli, zile pua za kunyunyizia dizeli, kwa sababu ya safari ya kurudi, ametoa pesa mara mbili kwa ajili ya upepo.

Gari linalozua ubishi mwingi ni Land Cruiser lenye injini ya Toyota ya 1HZ, iliyoingia sokoni mwaka 1990: silinda 6, lita 4.2, nguvu za farasi zipatazo 130, bila turbo. Sifa yake ni uvumilivu, na uvumilivu huo umewapa watu ujasiri wa kuifanyia mengi. Ikibeba keria juu, wageni sita, kreti za maji na tairi mbili za akiba, kupata kilomita 7 kwa lita si jambo la kushangaza.

Wanaotaka kuifunga turbo wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Kwenye dizeli ya aina hii hakuna mlango wa kuzuia hewa. Injini inavuta hewa yote inayoweza kuivuta, na mguu wa dereva unaongeza mafuta tu. Kwenye mchanga mzito, mguu ukiwa sakafuni, mafuta yanaizidi hewa, moshi mweusi unatoka na joto la ekzosi linapaa. Ongeza hewa bila kugusa mafuta, na dizeli ile ile inaungua vizuri zaidi, ekzosi inapoa, gari linashika gia ya nne pale lilipokuwa likilia kwa gia ya tatu. Fundi aliyelelewa na injini za petroli huliona jambo hili kama mzaha, maana kwake yeye kupungukiwa na mafuta ndiko kunakoleta joto. Kwenye dizeli ni kinyume.

Sasa upande wa pili. Tatizo si turbo yenyewe, ni skrubu iliyo kwenye pampu, inayoamua kiasi cha mafuta. Mtu akishatoa pesa nyingi hivyo anataka kuisikia nguvu mgongoni, na hewa peke yake haimpi raha hiyo. Skrubu inazungushwa kidogo, kisha kidogo tena, na ule ubaridi wote unaliwa. Tena 1HZ haikuumbwa kwa kazi hiyo. Mgandamizo wake, yaani kiasi ambacho hewa hubanwa ndani ya silinda, ni 22.4 kwa 1, na mafuta hunyunyizwa kwanza kwenye vyumba vidogo ndani ya hedi, kile kipande kinachofunika silinda kwa juu. Toyota walipotaka injini ya lita 4.2 yenye turbo, walitoa 1HD-T, inayonyunyiza moja kwa moja juu ya pistoni, kwa mgandamizo wa 18.6 kwa 1. Hawakushusha namba hiyo kwa kujifurahisha. 1HZ iliyofungwa turbo na kuminywa sana hupasuka hedi, mara nyingi karibu na vali na vile vyumba vidogo, na bili ya hedi inafuta dizeli iliyookolewa kwa miaka.

Intakula, ile rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo, huuzwa kama tiba ya yote haya. Kwenye barabara ya lami inasaidia kweli. Ndani ya Tsavo, kwa mwendo wa kutafuta simba, haipati hewa ya kutosha, na ikifungwa mbele ya rejeta inaizibia rejeta yenyewe upepo.

Tupige hesabu. Safari ya kwenda na kurudi ya kilomita 250, kwa kilomita 7 kwa lita, inakula karibu lita 36. Tuseme turbo imefungwa kwa adabu na gari sasa linatoa kilomita 7.7. Utaokoa lita 3 na kidogo. Dizeli ikiwa shilingi 170, hiyo ni kama shilingi 550 kwa safari. Ikiwa kazi nzima imekugharimu laki mbili, unahitaji safari zaidi ya 360 kurudisha pesa. Gari linalotoka mara mbili kwa wiki litachukua miaka mitatu na nusu, bila kuhesabu miezi ambayo wageni hawaji. Kwa mwenye gari la utalii anayeishi Malindi na kufanya kazi Malindi, sioni biashara hapo.

Anayepanda Nairobi kila mara ana hesabu nyingine. Kule juu, kwenye mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya hapa ufukweni, na turbo inarudisha kile ambacho mlima umechukua. Jambo hili linaeleza pia kisa kinachowachanganya wengi: gari lililofunguliwa skrubu Malindi halitoi moshi wa kutisha Malindi, likifika Nairobi linafuka. Pampu haijaharibika. Mafuta ni yale yale, hewa ndiyo iliyopungua.

Kabla ya yote hayo kuna thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto kwenye njia ya maji ya injini, na hapa sina subira. Desturi ya kuing'oa na kuitupa ina chanzo cha kueleweka: ikikwama imefungwa, injini inakufa, na sokoni kuna bandia nyingi. Lakini ishike mkononi uitazame. Nyingi za magari haya zina visahani viwili. Cha juu kinafungua njia ya rejeta maji yakikaribia nyuzi 80, na cha chini, kwa wakati huo huo, kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto ndani ya injini. Ukiiondoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Asubuhi injini inakaa baridi, oili nzito, dizeli inaungua nusunusu na kuliwa zaidi. Mchana kwenye mchanga, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kuiona rejeta. Umepata hasara zote mbili kwa pamoja. Kuipima hakuhitaji mashine: sufuria ya maji, jiko, kipimajoto, na macho yako yaone kisahani kinaanza kufunguka wapi. Isipofunguka, nunua nyingine.

Rejeta yenyewe huonewa kwa kupimwa kwa macho tu. Ukiitazama kutoka mbele inaonekana safi. Ichomoe, tenganisha na ile kondensa ya AC, na katikati utakuta blanketi la vumbi, mbegu za nyasi na mabawa ya panzi. Mapezi ya gari linalolala karibu na bahari yanaweza kumomonyoka ukiyagusa kwa kidole, kwa sababu ya chumvi ya hewani. Ndani nako kuna maji ya kisima cha chumvi yanayojazwa njiani, yanayoacha ukoko kwenye mirija. Wanaosema maji matupu hubeba joto vizuri kuliko kulanti, ile dawa ya rejeta, wako sahihi, ila maji matupu hayazuii kutu, na ya chumvi yanaichochea. Kifuniko cha rejeta nacho kikishika shinikizo vizuri, maji huchemka karibu na nyuzi 120 badala ya 100. Kikilegea, utaambiwa gasketi ya hedi imeungua wakati shida ni kifuniko.

Dizeli yenyewe isisahaulike. Serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa mwaka 2018 kwa sababu yalikuwa yakichanganywa na dizeli. Mchanganyiko huo una nishati pungufu kwa kila lita na unaikausha pampu, ambayo kwenye injini hizi hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Ulaji ukipanda ghafla, badilisha kituo cha mafuta kabla ya kubadilisha nozeli.

Kwa hiyo mwenye 1HZ ya safari za Sala aanze na rejeta, thamostati, kifuniko, na kuteremsha keria asiyoihitaji. Mwenye kupanda Nairobi, au kuvuta trela ya boti, akitaka turbo namuunga mkono kwa sharti moja: afunge kipimajoto cha ekzosi siku hiyo hiyo, na kikae kabla ya turbo, si baada yake. Wanaofunga turbo kwa kawaida hawapendi kuona pale panazidi nyuzi 700 kwa muda mrefu. Baada ya turbo moto huwa umeshuka kwa nyuzi 100 na zaidi injini ikiwa imeelemewa, na dereva ataendelea kukanyaga mafuta akiamini bado ana nafasi.