Bahasha ya manowari haihitaji stempu

Wengi wetu tuliokusanya stempu utotoni tulifundishwa hivi: kata kona ya bahasha, loweka kwenye maji ya uvuguvugu, bandua stempu taratibu, ianike juu ya gazeti. Bahasha yenyewe ikaenda jalalani. Naamini mafunzo yale yametupotezea mali nyingi, na hakuna mahali panapodhihirisha hasara hiyo kama kwenye barua zilizotoka katika manowari za Ufaransa. Huko, bahasha nyingi zenye thamani kubwa hazina stempu hata moja. Kona ya juu kulia utakuta herufi mbili tu, F.M., zimeandikwa kwa mkono, pengine kwa penseli. Ukiikata kona ile umebaki na kipande cha karatasi. Ukiiacha bahasha nzima, unaye mtu, unayo meli, na unayo tarehe.

F.M., kifupi cha franchise militaire, ni ruhusa ya askari kutuma barua bila malipo. Amri iliyowapa wanajeshi na wanamaji wa Ufaransa haki hiyo katika Vita Kuu ya Kwanza ilitolewa tarehe 3 Agosti 1914, siku ileile Ujerumani ilipoitangazia Ufaransa vita. Tangu hapo mhuri ndio uliobeba kazi yote. Ule ninaoupenda kuliko yote ni wa duara, katikati una nanga, juu umeandikwa Marine Française, chini Service à la mer, yaani utumishi wa baharini. Uligongwa melini na baharia mwenye dhamana ya barua, ambaye Wafaransa humwita vaguemestre. Angalia kinachokosekana: jina la meli. Waliliacha kwa makusudi, maana adui naye anajua kusoma. Kwa hiyo ukishika bahasha ya namna hii, igeuze kwanza. Nyuma, kwenye kifuniko, mara nyingi baharia ameandika jina lake na la meli yake, ili majibu yajue pa kumfuata.

Ninayo moja ya Aprili 1940. Karatasi ni nyembamba, rangi ya kijivu inayokaribia bluu, na mikunjo yake inaonyesha kuwa ilikaa muda mrefu mfukoni au ndani ya kitabu. Mhuri wa tarehe unasema Poste Navale, posta ya jeshi la majini, bila jina la mji wala bandari. Nanga imegongwa kwa wino wa zambarau, upande mmoja umekolea na upande wa pili haukushika vizuri, kama kwamba mgongaji alikuwa na rundo kubwa mbele yake au meli ilikuwa inayumba. Mwandiko ni wa mtu aliyejitahidi. Anamwandikia mama yake. Na nyuma, kwa herufi ndogo, jina la meli: Lorraine.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Lorraine ilikuwa moja ya meli tatu za kivita zilizojengwa kwa mchoro mmoja, nyingine zikiwa Bretagne na Provence. Miezi mitatu baada ya tarehe iliyo kwenye mhuri wangu, Ufaransa ilikuwa imekwisha kusalimu amri, na Uingereza ikahofia kwamba manowari za Wafaransa zitaangukia mikononi mwa Wajerumani. Tarehe 3 Julai 1940 meli za Uingereza ziliwapiga mizinga Wafaransa waliokuwa wametia nanga Mers-el-Kébir, Algeria. Bretagne ililipuka na kupinduka. Mabaharia Wafaransa 1,297 walikufa katika mashambulizi ya siku zile, na wengi wao walikuwa ndani ya meli hiyo moja. Provence ilipigwa ikakwama karibu na ufuko, ikanasuliwa, ikafika bandari ya Toulon, kusini mwa Ufaransa, na huko tarehe 27 Novemba 1942 ikazamishwa na wenyewe pamoja na sehemu kubwa ya kundi lile la manowari ili Wajerumani wasiipate. Lorraine bahati yake ilikuwa nyingine. Ilikuwa Alexandria, Misri, na pale maadmirali wawili, Godfroy wa Ufaransa na Cunningham wa Uingereza, walikaa wakaelewana. Meli zikatolewa mafuta na vifaa muhimu vya mizinga, zikakaa bandarini hadi Mei 1943, kisha zikajiunga na upande wa Washirika waliopigana na Ujerumani. Agosti 1944 Lorraine ilikuwa inapiga mizinga kusini mwa Ufaransa kusaidia ukombozi wa nchi yake.

Meli tatu, mchoro mmoja, miisho mitatu tofauti. Ukiweka bahasha tatu za masika ya 1940 kwenye ukurasa mmoja wa albamu, moja kutoka kila meli, kwa macho zitafanana kabisa: nanga ileile, F.M. ileile, mama yuleyule anayesubiri. Sijui aina nyingine ya ukusanyaji inayoweza kufanya hivyo. Stempu nzuri huchorwa ofisini miezi kadhaa kabla, na aliyeichora hajui nani ataitumia. Mhuri wa manowari uligongwa na mtu aliyekuwepo, siku hiyo, mahali hapo.

Ndiyo maana sikubaliani na wakusanyaji wanaotafuta bahasha zenye mapambo tu. Mnazijua: picha ya meli imechapwa kwa rangi kushoto, ngao ya meli chini yake, mihuri minne mitano ya mpira imepangwa vizuri isigusane, saini ya kamanda, na ndani hamna barua. Zilitengenezwa kwa ajili yetu wakusanyaji. Sizitupi, nami ninazo. Lakini kuzipa nafasi ya kwanza mbele ya bahasha chafu ya baharia ni kugeuza mambo. Bahasha ya mkusanyaji inasema meli ilikuwa na muhuri. Bahasha ya baharia inasema meli ilikuwa na watu.

Zipo chache za mapambo ninazozitetea, na nyingi ni za Jeanne d'Arc. Hii ilikuwa meli ya kubeba helikopta na shule ya maafisa wa jeshi la majini, ikiondoka Brest kila mwaka na wanafunzi wake kuzunguka bahari za dunia, ikiwa na ofisi yake ya posta ndani. Iliingia kazini 1964, ikastaafu 2010. Kwa miongo minne na zaidi watu wa kila bara waliipelekea bahasha zao. Kinachonivutia ni zile za safari zilizovurugika. Januari 2005 meli ilielekezwa Aceh, Indonesia, kuwasaidia waathirika wa tsunami ya tarehe 26 Desemba. Aprili 2008 ilikuwa kwenye pwani ya Somalia wakati mateka 30 wa meli ya kifahari Ponant walipokuwa mikononi mwa maharamia, hadi walipoachiwa tarehe 11. Hata bahasha iliyotengenezwa kwa mapambo, ikibeba tarehe kama hizo, imegeuka ushahidi.

Jeanne d'Arc hiyohiyo ni mwalimu mzuri wa kutambua feki. Wakati inajengwa na kujaribiwa baharini haikuitwa hivyo; iliitwa La Résolue. Jina la Jeanne d'Arc lilikuwa bado kwenye manowari ya zamani aina ya kruza iliyoingia kazini 1931, na lilihamishwa kruza hiyo ilipostaafu mwaka 1964. Kwa hiyo ukiletewa bahasha ya 1962 yenye mhuri wa "porte-hélicoptères Jeanne d'Arc", yaani meli ya kubeba helikopta Jeanne d'Arc, mrudishie mwenyewe. Mihuri ya mpira ni rahisi kuchonga, na mihuri halisi ya meli zilizostaafu nayo inaweza kuangukia mikononi mwa watu wakaendelea kuigonga. Kinga yako ni kalenda. Jua meli ilianza lini, iliisha lini, na siku hiyo ilikuwa wapi.

Kuna bahasha ambazo siwezi kuzinunua, na hapa nazungumzia nafsi yangu. Nyambizi Minerve ilipotea karibu na Toulon tarehe 27 Januari 1968 na watu 52. Familia zao zilikaa zaidi ya miaka hamsini bila kujua ilipolala, hadi ilipoonekana Julai 2019 kwenye kina cha zaidi ya mita 2,300. Barua za mwisho kutoka meli za namna hiyo zikifika mnadani, bei hupanda kwa sababu ya msiba. Naona barua ile ni ya mjane na watoto kwanza. Kama familia yenyewe imeamua kuiuza, sawa. Kama imepita mikononi mwa watu watano na hakuna anayejua ilitokaje nyumbani kwao, mimi naiacha.

Na zipo ambazo nazinunua, lakini siziweki bila maelezo. Kruza De Grasse ilikuwa meli ya uongozi wakati Ufaransa ilipoanza kulipua mabomu ya nyuklia Polynesia, katika Bahari ya Pasifiki, mwaka 1966. Rais Charles de Gaulle mwenyewe alikuwa ndani yake Septemba mwaka huo akishuhudia mlipuko. Bahasha zenye mhuri wa De Grasse wa miaka ile hupendwa sana, na kwenye maonyesho utazikuta zimeandikwa jina la meli, tarehe na aina ya mhuri, basi. Majaribio yaliendelea kwenye visiwa vya Mururoa na Fangataufa hadi 1996, jumla 193, na watu wa visiwa vile bado wanadai haki kwa maradhi yaliyowapata. Mkusanyaji anayejua kutofautisha vivuli viwili vya wino mweusi anaweza kuandika mistari miwili kuhusu watu hao.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ataniuliza yanamhusu nini haya. Yanamhusu kwa karibu. Ufaransa ilikuwa na posta yake Unguja tangu 1889 hadi 1904, na meli zake za abiria na barua zilipita hapo zikiwa na mihuri yao ya pembe nane. Kisha kuna Bukini, yaani Madagaska. Tarehe 5 Mei 1942 Waingereza walishambulia Diego Suarez, iliyokuwa kituo cha jeshi la majini la serikali ya Vichy, ile serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, na nyambizi za Ufaransa Bévéziers, Héros na Monge zote zikazamishwa. Septemba mwaka huo Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilishuka Majunga, kisiwani humohumo, na ndani yake walikuwamo askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Uingereza, vijana wa kwetu, wakipewa amri na kuitikia kwa Kiswahili. Nao waliandika nyumbani. Barua zao zilikuwa na herufi O.A.S., kifupi cha On Active Service, yaani mwandishi yuko vitani, mahali ambapo baharia Mfaransa aliandika F.M. Bahasha za baharia wa Bévéziers na za askari wa KAR zinastahili kukaa ukurasa mmoja, na hadi sasa sijauona ukurasa huo kwenye maonyesho yoyote niliyohudhuria. Zile za Wafaransa zinatafutwa na kuorodheshwa huko Ulaya. Za babu zetu ziko wapi? Zipo kwenye visanduku vya bati, chini ya vyeti vya ubatizo na stakabadhi za kodi ya kichwa, na wajukuu wanazichoma wanaposafisha nyumba baada ya msiba.

Ukiikuta bahasha ya namna hiyo, usiikate, usiifute, usiibandike kwa gundi wala selotepu. Weka barua na bahasha yake pamoja. Muulize aliye mkubwa nyumbani ni ya nani, uandike majibu kwenye karatasi nyingine. Mwanga wa jua na mifuko ya plastiki ya sokoni huiharibu. Bahasha kubwa ya karatasi safi inatosha kwa kuanzia.

Na kama unataka kuanza mkusanyiko wako mwenyewe bila fedha nyingi, meli zipo. Manowari aina ya frigeti, Floréal na Nivôse, zilizopewa majina ya miezi ya kalenda ya mapinduzi ya Ufaransa, makao yao ni kisiwa cha Réunion, katika bahari yetu hii. Nivôse ina historia na Mombasa: Aprili 2009 iliwakamata watu 11 walioshukiwa uharamia, mbali mashariki mwa Mombasa, ikawaleta bandarini na kuwakabidhi kwa serikali ya Kenya. Bahasha yenye mhuri wake wa wiki ile ningeipa ukurasa mzima.

Utaratibu ni mwepesi. Andika barua fupi kwa Kifaransa, yenye heshima, kwa kamanda wa meli au vaguemestre wake. Jitambulishe, sema unakusanya mihuri ya meli, omba bahasha yako igongwe kama itawezekana. Ndani tia bahasha iliyoandikwa anwani yako na kubandikwa stempu ya Ufaransa, kwa sababu stempu ya Tanzania au Kenya haitairudisha. Kama una ndugu Paris au Mayotte, akununulie. Andika anwani kwa wino usiochujuka maji. Usiombe mambo kumi, omba mhuri mmoja. Majibu huchelewa, maana meli huwa safarini, na pengine hayaji kabisa, lakini yakija utakuta kitu kilichogongwa na mtu aliyesimama juu ya maji ya Bahari ya Hindi. Mimi nakushauri uanze na Nivôse.