Na Senegali je?
Ndugu mwandishi, unasema eti nchi ya Waislamu wengi haiwezi kutenga dini na serikali. Na Senegali je? Waislamu kule wanapita asilimia 90, lakini rais wao Senghor, Mkatoliki, aliwatawala miaka 20, 1960 hadi 1980. Dini inapewa nafasi, lakini ndani ya sheria ya serikali: sheria yao ya familia ya 1972 inamwachia mume achague: mke mmoja, au hata wanne. Mirathi vilevile, anayetaka ya Kiislamu anaipata. Sisi Kongo, Wakristo wengi hivi, sheria ya 1987 inakataza mitara, kuoa wake wengi, kabisa! Hapa Kadutu, mjini Bukavu, ukitaka kuoa, shehe na padri wote wanakutuma kwanza komine, ofisi ya serikali. Ila jirani yangu ana nyumba mbili, yaani wake wawili, na komine inajua mmoja tu.